Bandari: lango la uchumi na suala la ufunguo

Msafiri anayefika leo eneo la Canary Wharf, mashariki mwa London, haoni makuli wala magunia. Anachokiona ni minara ya mabenki iliyosimama kando ya maji yaliyotulia.

Maji hayo ni mabaki ya gati za West India, zilizofunguliwa mwaka 1802 kupokea sukari iliyozalishwa kwa jasho la watumwa katika visiwa vya Caribbean. Gati hizo zilifungwa mwaka 1980.

Hata hivyo, bandari ya London haikufa, bali ilihama. Kiasi cha kilometa 40 kuelekea baharini iko bandari ya London Gateway, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na DP World, kampuni ya Dubai.

Jina hilo si geni kwa Watanzania. Oktoba 22, mwaka 2023, serikali ya Tanzania ilitiliana saini na kampuni hiyo mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, baada ya miezi kadhaa ya mabishano makali.

Swali linalozikabili pande zote mbili ni moja: nchi inapomkabidhi mgeni lango lake, yenyewe hubaki na nini?

Nadharia na nauli

Msingi wa biashara ya kimataifa ulielezwa hapa London mwaka 1817 na mwanauchumi David Ricardo. Alisema hata kama nchi moja inaweza kuzalisha kila kitu kwa gharama ndogo kuliko jirani yake, bado itanufaika ikijikita katika kile inachokimudu zaidi, na kununua vingine kwa wenzake.

Lakini katika mfano wake maarufu wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, gharama ya kusafirisha mzigo haikutiwa hesabuni. Kwa Afrika Mashariki, hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Kwa mujibu wa shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya mataifa, kwa ujazo, husafiri baharini.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha kwa mizigo ya baharini hukokotolewa kwa kujumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli. Kwa maneno mengine, nauli ikipanda, ushuru nao hupanda, ijapokuwa bidhaa ni ile ile.

Aidha, kontena likikwama bandarini, tozo za kuhifadhi huongezeka siku hadi siku. Mfanyabiashara hazilipi kutoka mfukoni mwake, bali huziongeza katika bei. Mwenye kuzilipa hatimaye ni mama anayenunua sabuni dukani Bujumbura au Lubumbashi.

Nchi zisizo na pwani hulijua jambo hilo kwa machungu. Ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Kenya zilipoifunga njia ya kutoka Mombasa mapema mwaka 2008, Uganda na Rwanda zilikumbwa na uhaba wa mafuta, ingawa hazikuwa na ugomvi na mtu.

Kontena lilivyowaondoa makuli

Kwa karne nyingi bandari ilikuwa ni watu. Mwaka 1889 makuli wa London waligoma wakidai peni sita kwa saa, nao wakashinda. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikuwa mstari wa mbele katika mgomo mkuu ulioutikisa utawala wa kikoloni. Nguvu zao zilitokana na jambo moja tu: bila mikono yao, meli haikupakuliwa.

Nguvu hizo zilianza kupungua Aprili mwaka 1956, pale Mmarekani Malcom McLean alipoipakia meli yake makontena 58 mjini Newark. Mzigo haukuguswa tena na mkono hadi ulipofika mwisho wa safari.

Makontena yalihitaji meli kubwa, kina kirefu na uwanja mpana. Gati kongwe za London, zilizobanwa na nyumba, hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1981 zilifungwa moja baada ya nyingine, na maelfu ya familia za mashariki mwa mji zikapoteza kazi zilizorithiwa baba kwa mwana.

Meli ziliondoka, lakini biashara ya karatasi ilibaki. Meli inayopita Bahari ya Hindi huenda imekatiwa bima katika soko la Lloyd's, na mkataba wake wa kukodiwa ukafuata sheria ya Kiingereza. Shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usalama wa meli, IMO, nalo lina makao yake kando ya mto Thames.

Kwa hiyo, wakati maharamia wa Kisomali walipoziteka meli, au Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, hatari ilikuwa karibu na pwani yetu, lakini sehemu kubwa ya bei yake ilipangwa London.

Mkataba na meno yake

Huenda msomaji akadhani mzozo wa bandari ni jambo la nchi maskini pekee. Sivyo.

Machi 17, mwaka 2022, kampuni ya feri ya P&O, inayomilikiwa na DP World, iliwafukuza kazi karibu wafanyakazi 800 bila kushauriana na vyama vyao. Mkuu wake alikiri mbele ya wabunge kwamba sheria ilivunjwa. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya kuhusu mishahara ya mabaharia.

Oktoba mwaka 2024, waziri wa uchukuzi, Louise Haigh, aliishambulia tena P&O kwa maneno makali, wakati DP World ikijiandaa kutangaza uwekezaji wa pauni bilioni moja katika London Gateway. Waziri mkuu Keir Starmer alijitenga na kauli hiyo, na uwekezaji ukatangazwa.

Nchini Tanzania, wakosoaji walilalamika kwamba makubaliano na Dubai, yaliyoridhiwa na bunge Juni 10, mwaka 2023, hayakuwa na ukomo ulio wazi. Serikali ilijibu kwamba bandari ilihitaji mtaji na ufanisi. Baadhi ya wakosoaji walikamatwa, na Mahakama Kuu mjini Mbeya ikaitupilia mbali kesi iliyofunguliwa kuyapinga.

Hata hivyo, kelele hazikupotea bure. Mkataba uliotiwa saini Oktoba ulitaja muda wa miaka 30, na serikali ikasema utendaji wa kampuni hiyo utapimwa kila baada ya miaka mitano.

Wala mgeni bandarini si jambo jipya. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwishoni mwa mwaka 2022, makontena ya Dar es Salaam yalishughulikiwa na TICTS, iliyokuwa chini ya Hutchison ya Hong Kong, kampuni ile ile inayoendesha bandari ya Felixstowe hapa Uingereza.

Uraia wa mwendeshaji, basi, hautoshi kuwa kipimo. Cha kutazama ni kama mkataba unasomeka na wananchi, kama mapato yanaonekana, kama wafanyakazi wanalindwa, na kama mwenye nyumba anaweza kuuvunja bila kufilisika.

London ilipopoteza meli ilibaki na bima, mabenki na mahakama. Mombasa na Dar es Salaam bado zina meli. Ila bima, mikopo na wanasheria wa meli hizo kwa sehemu kubwa viko ng'ambo, na hilo halijadiliwi kwa ukali ule ule uliotumika kumjadili mwenye kreni.