Msamaha wa Kodi Hauji kwa Kunyamaza

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa kiholela katika taarifa za habari na matangazo ya serikali za kaunti ni neno "msamaha". Maoni yangu katika makala haya ni kwamba neno hili, linapofungamanishwa na kodi ya ardhi, huwapotosha wengi wakaamini kwamba asiyestahili kulipa hana haja ya kujiandikisha. Imani hiyo ina gharama kubwa, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kuirekebisha.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Hata hivyo, si kila ardhi hutozwa. Sura ya 266 ya Sheria za Kenya, iliyotumika kwa miongo mingi kabla ya kuja kwa Sheria ya Kitaifa ya 2024 kuhusu kodi hii, iliiondolea mzigo huo ardhi inayotumiwa kwa ibada ya umma, makaburi, hospitali, elimu, hisani, makumbusho na maktaba. Sharti lilikuwa moja: matumizi hayo yawe ya moja kwa moja, na ardhi isitumiwe kwa kujipatia faida. Msikiti wenye maduka ya kupangisha, mathalani, haungeweza kudai kwamba maduka nayo ni mahali pa ibada.

Sasa tutazame utaratibu wenyewe. Kaunti huandaa daftari la tathmini ambamo kila kiwanja huorodheshwa pamoja na thamani yake. Daftari huonyesha nambari. Halionyeshi mnara wa msikiti, msalaba wa kanisa wala watoto walioketi madarasani. Chini ya sheria hiyo ya zamani, aliyeona kiwanja chake kimeingizwa isivyostahili alikuwa na siku 28 tangu kuchapishwa kwa ilani ili awasilishe pingamizi. Asipojitokeza, deni huanza kuhesabiwa, riba hujilimbikiza, na siku wadhamini wanapotaka kuhamisha hati huambiwa kwamba bila cheti cha kutokuwa na deni shughuli yao haiwezi kuendelea. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo huo ni deni.

Lugha inaingiaje? Kwa Kiswahili cha kila siku, kusamehewa ni kufungiwa faili: ukishasamehewa, huitwi tena. Isitoshe, neno hilo moja limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza, ni stahiki ya kutotozwa kabisa, kama ile ya makaburi. Pili, ni kufutiwa sehemu ya deni kwa idhini maalumu, jambo ambalo Kifungu cha 210 kinataka liwekewe kumbukumbu ya umma pamoja na sababu zake. Tatu, ni nafuu ya muda kwa waliochelewa, kama ile ya adhabu na riba za kodi za kitaifa iliyoanza Septemba 2023. Mwananchi anayesikia "msamaha" redioni atajuaje ni upi kati ya hiyo mitatu? Ajabu ni kwamba katika Kiarabu, asili ya neno hili, mzizi wake unabeba pia maana ya kuruhusu. Na ruhusa, kama tujuavyo, huombwa.

Yupo atakayesema kwamba serikali inajua fika shule ni shule, hivyo haifai kumsumbua mwalimu mkuu kwa fomu. Hoja hiyo ina uzito, na ninakubali kwamba kaunti ina wajibu wa kukagua kabla ya kudai. Lakini matumizi ya ardhi hubadilika, na pasipo kumbukumbu ni vigumu kumtenga anayestahili na mjanja anayejificha nyuma ya jina la hisani. Kujiandikisha, basi, si kukiri deni. Ni kuiweka haki yako katika maandishi.

Napendekeza tutenganishe istilahi: "kutotozwa" kwa wanaostahili kisheria, "kufutiwa" kwa deni linaloondolewa, na "msamaha" libaki kwa nafuu ya muda. Fauka ya hayo, Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali fomu nyingi za kaunti zingali kwa Kiingereza. Chama chetu hufanya makongamano kuhusu ushairi na riwaya, na ni vyema. Hebu pia kiteue kamati ndogo, iichukue fomu moja ya kaunti yetu, iitafsiri kwa Kiswahili sanifu na kuipeleka kwa wahusika. Wadhamini wa madrasa na wazee wa kanisa wataisoma wenyewe, nao watajua kwamba asiyelipa naye hujiandikisha.