"Sikulikuta" Si "Halimo"

Mwenzetu mmoja aliuliza majuzi kama katika hazina yetu ya miswada tunao Utendi wa Tambuka. Hazina hiyo ni mafaili tu, picha za kurasa na nakala zilizopigwa chapa, yaliyotapakaa katika kompyuta nne zilizounganishwa kwa mtandao, na siku hizi kazi ya kuyapekua tumemwachia wakala wa akili mnemba. Wakala akapekua, akajibu kwa adabu na kwa uhakika: utendi huo haumo. Ulikuwemo. Ulihifadhiwa kwa jina la Chuo cha Herekali, jina jingine la utendi huo huo wa Bwana Mwengo, ambao nakala yake ya 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale zaidi ya Kiswahili.

Wengi walimlaumu wakala. Mimi nailaumu aya moja, nami ndiye niliyeiandika.

Wakala wa aina hii haingii mwenyewe katika kompyuta. Hupewa vyombo, na kila chombo huja na jina, maelezo, na orodha ya vitu ambavyo lazima kipewe ili kifanye kazi. Utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotangazwa Novemba 2024, umeufanya mpango huo kuwa wa kawaida. Maelezo yenyewe ni nathari. Wakala huyasoma, kisha huamua lini akitumie chombo na ayachukulieje majibu yake. Hapo anahitajika mwandishi kuliko fundi.

Aya yangu ilisema: "Chombo hiki hutafuta mafaili katika mtandao na kuonyesha yaliyomo." Neno la mwisho ndilo lililopotosha. Chombo hakionyeshi yaliyomo. Huonyesha mafaili ambayo majina yake yanalingana kwa herufi na neno kilichopewa, katika folda ambazo kina ruhusa ya kuzifungua, kwenye kompyuta zilizokuwa zimewashwa saa ile, na kikifika faili la mia moja hukoma. Masharti manne, nami sikutaja hata moja. Niliandika kama mtu anayemwelekeza jirani, ambaye nyumba anaijua tayari.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimenipa kila nilichohitaji. Tunasema halipo, haliko, halimo, na kila kimojawapo kina mipaka yake. Mtunza ghala anayesema "halimo" ametoa ushahidi: ameingia ndani, ametazama, amemaliza. Anayesema "sikulikuta" amejisemea nafsi yake tu. Orodha tupu inayorudishwa na chombo ni "sikulikuta", na wakala, kwa kukosa kuambiwa, akaigeuza kuwa "halimo". Tena wakala ni ndugu wa wakili. Asemapo, husema kwa niaba yetu.

Utaniambia: wakala ana akili, anajua kwamba utenzi na utendi ni kitu kimoja. Anajua. Chombo hakijui, na asipoambiwa kwamba chombo hulinganisha herufi na wala si maana, atauliza mara moja na kuridhika. Sarufi yetu nayo hulifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi. Katika vyombo vingi vya namna hii alama ya nyota husimama badala ya herufi zozote, na mazoea ni kuiweka mwishoni, kwa kuwa katika Kiingereza wingi hujitokeza mwishoni mwa neno. Maneno yetu hugeuka mwanzoni: ubeti, beti, wimbo, nyimbo. Ukiandika utenzi* umezikosa tenzi zote. Nyota iwekwe pande zote mbili, na alama ya kuuliza, inayosimama badala ya herufi moja, iwekwe katikati: *ten?i* hunasa utenzi, utendi, tenzi na tendi kwa pamoja. Hata hivyo, kitabu cha J.W.T. Allen cha 1971, Tendi, kitaponyoka kikiwa kwenye kompyuta ya Linux, kwani huko herufi kubwa na ndogo ni herufi mbili. Mambo haya hayamo katika mwongozo wowote uliokuja na chombo. Nani angeyaandika, kama si mtu anayezijua ngeli?

Nimeiandika aya upya, na sasa ina sentensi tisa badala ya moja. Fundi wetu ameiona ndefu. Masharti manne yote yamo, mfano wa *ten?i* umo, majina mawili ya Tambuka yamo, na sentensi ya mwisho ni hii: "Orodha ikirudi tupu, sema hukulikuta, taja ulikotafuta na kompyuta ambazo hazikujibu, wala usiseme halimo."

Jana nilimtaka atafute shairi moja la zamani. Akajibu kwamba kwa jina hilo hakulikuta, kwamba kompyuta ya tatu haikujibu, na akauliza kama shairi lina jina jingine.

Yamebaki mafaili yanayoitwa skani0042, skani0043 na kuendelea, jinsi mashine ya kupigia picha ilivyoyabatiza. Hayo hayana maelezo ya kuyaokoa. Jumamosi nitakaa niyafungue moja moja na kuyapa majina, na mwenye jicho la kusoma hati za Kiarabu namwomba aje tusaidiane.