Toto Coelo hawakuangushwa na mzaha

Na Zuhura Mbaraka

Mwaka 1982 wanawake watano wa Uingereza waliojiita Toto Coelo walifika nafasi ya 8 kwenye chati ya nchi yao kwa kibao "I Eat Cannibals", wakicheza ndani ya mavazi ya plastiki yaliyofanana na mifuko ya taka. Wimbo wao uliofuata, "Dracula's Tango", uliishia nafasi ya 54, na ilipofika 1985 kundi halikuwapo tena. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba walijitakia, kwa sababu wimbo wa mzaha huleta umaarufu wa msimu mmoja. (Mzaha wa Wazungu kuhusu wala watu una uchafu wake wa kihistoria, ila huo tuuweke kando leo.) Maelezo hayo sikubaliani nayo, na ushahidi wangu ni Bananarama, wasichana watatu walioanzia London kipindi hichohicho.

Bananarama walitoa wimbo wao wa kwanza, "Aie a Mwana", mwaka 1981, wakiimba Kiswahili wasichokijua. Walikuwa wameuchukua kutoka kwa Black Blood, kundi la Waafrika waliorekodi Ubelgiji katikati ya miaka ya 1970. Kama kichekesho ndicho kinachoua kundi, basi hawa walistahili kufa kwanza, na kwa kweli wimbo ule haukufua dafu kwenye chati. Hata hivyo mwaka 1986 "Venus" yao ilishika namba moja Marekani. Kilichowatenganisha na Toto Coelo ni madaraka. "I Eat Cannibals" ilitungwa na Barry Blue na Paul Greedus. Waimbaji waliletewa kazi iliyokwishapikwa, wakatoa sauti na sura. Jina lenyewe halikuwa salama mikononi mwao: Marekani waliuzwa kama Total Coelo, wasije wakachanganywa na bendi ya Toto. Bananarama walivaa walivyotaka, na majina yao yamo kwenye orodha ya watunzi wa "Robert De Niro's Waiting".

Mtu ataniambia kwamba "Venus" nayo ilikuwa ya bendi ya Shocking Blue, tena ilipitia mikononi mwa Stock, Aitken na Waterman, watayarishaji waliosifika kwa kufyatua nyimbo kama matofali. Ni kweli, lakini wazo la kuuimba upya lilikuwa la Bananarama, na wao ndio waliowafuata watayarishaji hao. Mwenye kuchagua fundi hayuko sawa na aliyechaguliwa na fundi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutunga hakuhakikishi maisha marefu, na hapo nakubali. Watunzi wengi wazuri wamesahaulika. Ila mtunzi aliyesahaulika hubaki na haki yake. "I Eat Cannibals" ikipigwa leo, mirabaha ya utunzi ni ya Blue na Greedus.