Kichupa cha chanjo kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Nyanya mmoja alifika kwetu Jumamosi jioni, vumbi hadi magotini, mjukuu wa miezi kumi mgongoni. Mimi hufanyia kazi mjini lakini nyumbani ni Ekalakala, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, na kila ninapokwenda huko majirani huja na maswali yao ya afya. Nyanya huyu hakuja kwa sababu ya ugonjwa. Alitaka kujua kama kuna ubaya mtoto akikosa sindano ya surua.

"Kwa nini aikose, mwaitu?" nikamuuliza.

"Nimempeleka mara tatu, mwanangu," akajibu. "Mara ya kwanza niliambiwa watoto ni wachache, nirudi Jumanne. Jumanne tulikuwa wanne, tukaambiwa bado hatujatosha. Mara ya tatu muuguzi alikuwa ameenda semina. Sasa mama yake anapiga simu kutoka Nairobi kuuliza kama mtoto amechanjwa, nami sijui nimwambie nini."

Sitaitaja zahanati hiyo, kwa sababu kisa hiki nimekisikia kutoka sehemu nyingi na si haki kumbebesha muuguzi mmoja mzigo wa wengi. Hata hivyo, ni kisa ambacho kila msomaji mwenye mtoto au mjukuu kule nyumbani anapaswa kukielewa.

Chanjo ya surua na rubela tunayotumia nchini huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa kidogo. Kwa kawaida kichupa kimoja kina dozi 10. Muuguzi huuchanganya unga huo na maji yake maalum, na kuanzia hapo saa huanza kuhesabu. Baada ya saa 6, au kliniki inapofungwa ikiwa itafungwa mapema, dozi zilizobaki lazima zitupwe. Haziwekwi kwenye friji kungoja kesho, kwa maana viini vinaweza kuota ndani yake na kumdhuru mtoto. Chanjo ya BCG ya kuzuia kifua kikuu hufuata kanuni hiyo hiyo, na kichupa chake huwa na dozi 20. Ile ya matone ya polio ni tofauti. Kichupa chake kikishafunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa vyema kwenye baridi.

Sasa jiweke mahali pa muuguzi. Ana vichupa vichache kwenye friji. Mbele yake kuna watoto wanne. Akifungua kimoja, atatupa dozi sita, na mwisho wa mwezi atatakiwa kueleza zilikokwenda. Mwaka 2025, chanjo za BCG na polio zilipoadimika katika vituo vingi nchini, wauguzi wengi walijifunza kubana kila tone. Kwa hivyo huwaambia akina mama warudi siku nyingine. Yeye huona ameokoa mali ya serikali.

Hesabu hiyo ina kasoro. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwa miaka mingi kwamba kichupa kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja. Katika bei ambazo nchi zetu hununulia chanjo hii kupitia UNICEF, dozi moja haifiki dola moja ya Marekani. Kwa hivyo kichupa kizima hakifiki dola 10. Mtoto mmoja wa surua akishikwa na nimonia na kulazwa wodini wiki moja, dawa, oksijeni na kitanda chake zitapita kiasi hicho mara nyingi. Akipofuka, au ubongo wake ukivimba, hakuna bei ya kumrudisha alivyokuwa.

Surua ina ukali wa pekee katika kuenea. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 ambao hawana kinga. Ndiyo maana wataalamu husema watoto 95 kati ya 100 wapate dozi zote mbili ili ugonjwa usipate njia. Kwetu dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili miezi 18. Ya pili ndiyo hurukwa zaidi. Mzazi aliyerudishwa nyumbani na ile ya kwanza, kwa nini atembee tena kwa ajili ya ile ya pili?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa mjini. Tunapenda kusema watu wa mashambani wanaogopa chanjo, au hawajaelimika. Kweli, hofu imewahi kuwapo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walitilia shaka chanjo ya pepopunda, na mwaka 2019 ilipoanza kutolewa kwa wasichana ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, maneno yalikuwa mengi. Lakini nyanya aliyetembea mara tatu haogopi chanjo. Sisi ndio tuliomrudisha.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Huko Udaipur nchini India, watafiti walilinganisha vijiji vilivyoachwa na huduma za kawaida, vijiji vilivyopata kambi ya chanjo iliyofika bila kukosa kila mwezi, na vijiji ambako mama alipewa pia kilo moja ya dengu kila alipoleta mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 6 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, 18 katika la pili na 39 katika la tatu. Kabla ya dengu yoyote, kule tu kujua kwamba mchanjaji atakuwepo kuliongeza idadi mara tatu.

Hapa kwetu, huko Siaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wazazi ujumbe wa simu wa kuwakumbusha, na wengine wakaongezewa shilingi 200 kila mtoto alipochanjwa kwa wakati. Waliokamilisha chanjo kufikia mwaka mmoja walikuwa 82 kwa 100 miongoni mwa wasiopewa kitu, na 90 kwa 100 miongoni mwa waliopewa ujumbe na shilingi 200. Shilingi 200 hazimnunui mtu anayeogopa sindano. Zinalipa nauli ya bodaboda na kibarua kilichopotea siku hiyo.

Machakos nayo ina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1970, watafiti walifuatilia surua na kifaduro katika sehemu za Matungulu na Mbiuni, wakizuru nyumba kila baada ya wiki mbili kuuliza nani amezaliwa na nani ameugua. Walipotaka habari kutoka kwa wananchi walipiga hodi mlangoni. Leo tunapowapelekea faida ya elimu hiyo, tunawaambia warudi Jumanne.

Nirudi kwa yule nyanya. Mkobani mwake alikuwa na chupa ya antibiotiki aliyoinunua dukani kwa sababu mtoto alikuwa na mafua. Nilimpima mtoto. Alikuwa na mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi, na antibiotiki huua bakteria tu. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda zahanati, alinitazama kama mtu niliyeuliza jambo la kuchekesha. Duka hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Muuzaji humjua kwa jina. Hajawahi kumwambia arudi Jumanne.

Msomaji, tunapolaumu watu kwa kununua dawa ovyo, tukumbuke kwamba wao huchagua mahali wanapohudumiwa. Homa ikipanda huko karibu na bwawa la Masinga, wengi hununua dawa ya malaria bila kipimo. Koo likiwasha, hununua vidonge vinne vya rangi mbili badala ya dozi kamili. Madhara yake si madogo. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu moja kwa moja ya bakteria waliozoea dawa. Lakini mahubiri peke yake hayatamtoa mtu dukani. Kitakachomtoa ni zahanati yenye mlango wazi, kipimo na dawa.

Wapo watakaosema nahimiza ubadhirifu wakati nchi inatakiwa kuzidi kujilipia chanjo zake. Hoja hiyo ina uzito, na iko njia ya kuijibu bila kumfukuza mama. Kwanza, kila zahanati itangaze siku za chanjo ya surua na BCG, kanisani, sokoni na kwa simu, kisha siku hiyo ifike kichupa kikifunguliwa, wawe wangapi. Pili, wauguzi wapeleke chanjo sokoni siku ya soko, watu walipo tayari. Tatu, serikali inunue vichupa vya dozi 5 kwa vituo vidogo. Vipo, na Zambia ilipovijaribu, chanjo iliyotupwa ilipungua na wauguzi wakawa wepesi wa kufungua. Nne, muuguzi aambiwe waziwazi na wakubwa wake kwamba hataadhibiwa kwa dozi alizotupa kihalali. Bila hilo la nne, hayo mengine ni karatasi tu.

Nawe uliye mjini una kazi yako. Kama mwanao analelewa na nyanya yake, usimuulize tu kama mtoto amechanjwa. Omba akusomee kijitabu cha kliniki kwa simu, ukurasa wa chanjo, tarehe kwa tarehe. Kama miezi 9 au 18 imepita bila surua, bado hujachelewa, apelekwe. Tuma nauli. Akirudishwa, piga simu zahanati mwenyewe na uulize kwa heshima siku gani kichupa kitafunguliwa. Ukikosa jibu, uliza afisi ya afya ya kaunti ndogo. Na usitume pesa za antibiotiki kabla mtoto hajapimwa.

Jumatatu hiyo niliandamana na nyanya hadi zahanati. Tulikuta watoto watatu. Muuguzi alinitazama, akatazama friji, kisha akafungua kichupa. Watoto watatu walichanjwa, na dozi saba zikatupwa saa za jioni. Nyanya alifurahi, lakini mimi sikufurahi sana. Haifai mtoto kuhitaji daktari wa kumsindikiza ndipo apate sindano ambayo ni haki yake.