Kabati la Hadithi Lifunguliwe

Ndugu zangu wa Nyarugusu, na nyinyi wa mashirika, naomba tusemezane. Hapa kwetu hadithi imetengwa na hesabu. Hesabu ni chaki, ubao na kukariri. Vitabu vya hadithi vinalala kabatini, vimefungwa kufuli visichafuke. Huo si utunzaji, ni hasara.

Chukueni hadithi ya mtu aliyefika mtoni na chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi kaliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani kwisha. Atavusha vipi? Kwenda na kurudi ni safari 7, na siri ni kukubali kumrudisha mbuzi alikotoka. Mtoto akiigundua mwenyewe, amefanya hesabu ya kweli: amejaribu, amekosea, amepanga upya. Vifaa? Vijiti vitatu na mstari mchangani.

Halafu Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Muulize mtoto: kama kila sufuria ingezaa moja kila wiki, kutoka moja, baada ya wiki 5 zingekuwa ngapi? Atakwenda 2, 4, 8, hata afike 32. Siku hiyo ataelewa deni la dukani linavyokua.

Mtasema: mtihani hauulizi hadithi. Unauliza! Mama kaenda sokoni na pesa kadhaa, kanunua hiki na kile, kabakiwa na ngapi: hiyo si hadithi? Mtoto anajua 7 mara 8, lakini hapo anakwama kwa maneno, halafu tunamwita mjinga. Na watoto wa Kikongo wanakutana na maneno hayo kwa Kifaransa, Kiswahili cha nyumbani kikingoja nje ya mlango.

Mtasema tena: darasa limejaa. Jamani, hadithi tangu lini ikaogopa watu wengi?

Ila tusidanganyane. Kuhesabu sungura waliochorwa ukurasani hakutoshi. Hadithi inayofaa ni ile isiyosonga mbele mpaka mtoto apige hesabu.

Basi walimu, fungueni kabati. Watu wa mashirika, kabla ya kuagiza vitabu vya mbali, kaeni na bibi zetu, andikeni hadithi zao, mzichapishe. Na wazazi, mtoto akirudi akisema leo kwenye hesabu tumesimuliwa, msikimbilie kumgombeza mwalimu. Mwulizeni tu: huyo mbuzi, alivuka mto mara ngapi?