Kutokelezea si Kuteseka

Wasee, leo tuongee kuhusu ile dakika ya mwisho kabla hujatoka kwa nyumba. Umesimama mbele ya kioo. Umegeuka kushoto, umegeuka kulia, umevua shati, umevaa lingine, umerudia lile la kwanza. Kitanda kimejaa nguo kama Gikomba marobota yakifunguliwa asubuhi. Halafu mamako anaita kutoka sebuleni, "Kwani unaolewa leo?"

Wazee wetu huona hiyo dakika ni ya kupoteza wakati. Mimi naona ni dakika nzito sana, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huamua kama siku itakuwa ya kuishi ama ya kujificha. Na maoni yangu ni haya: kutokelezea ni muhimu, tusidanganyane. Lakini nguo inayokupa ujasiri kweli ni ile ambayo ukishafunga mlango na kushuka ngazi, unasahau kama umeivaa.

Kwanza niwajibu wale wa "nguo ni nguo tu, bora usitembee uchi." Si kweli, na nyinyi wenyewe mnajua. Ingia jengo lolote refu hapa tao ukiwa umepiga suti, soja wa mlangoni atakusalimia na kukufungulia mlango. Rudi kesho na kandambili na tisheti iliyopauka, ni wewe yule yule, lakini utaulizwa unaenda kwa nani, orofa ya ngapi, na kitambulisho kiko wapi. Haki haiko hapo, lakini ndivyo watu husoma watu. Nguo huongea kabla hujafungua mdomo.

Na si wengine tu wanaosikia. Wewe pia unasikia. Mimi hurekodi video zangu nikiwa peke yangu chumbani, na kamera hunishika kuanzia kifuani kwenda juu. Hakuna mtu ameshawahi kuona miguu yangu. Bado huvaa viatu. Nikirekodi na suruali ya kulala na soksi za mtumba, sauti hutoka kama ya mtu anaomba msamaha. Nikivaa viatu, nasimama wima na maneno yanakuja. Wanaotazama hawajui tofauti imetoka wapi. Mimi najua.

Kwa hivyo sitawahi kumcheka mtu anayependa kupiga luku. Shida yangu ni vile tumechanganya kupendeza na kuumia, hadi nguo ikikuumiza unafikiri ndiyo inafanya kazi.

Angalia vile tunaishi. Msichana amevaa sketi ambayo lazima aivute chini kila hatua tatu. Ameketi harusini saa nne, mkono mmoja uko kwa soda, mwingine uko kwa pindo la sketi, na keki imekatwa bila yeye kuona. Kijana amebana jinzi hadi akiangusha simu anafikiria kwanza kama inafaa kuiokota. Kuna yule wa wigi jua la saa nane, kichwa kinamwasha na hawezi kujikuna mbele za watu. Kuna yule wa visigino virefu aliyeshuka matatu Tom Mboya akadhani ataruka mashimo yote salama. Wote wanang'ara kwa picha. Waulize baadaye waliongea na nani siku hiyo na waliongea nini. Hawakumbuki, kwa sababu siku yote walikuwa wanaongea na nguo.

Hili jambo limechunguzwa. Mwaka 1998, mwanasaikolojia wa Marekani Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha utafiti ambao waliwaambia wanafunzi wa chuo wajaribu nguo. Wengine walipewa vazi la kuogelea, wengine sweta. Kila mtu alikuwa peke yake kwenye chumba chenye kioo, hakuna mtu wa kumkodolea macho. Kisha, wakiwa bado na hizo nguo, walifanya mtihani wa hesabu. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko waliovaa sweta. Kwa wavulana, tofauti hiyo haikuonekana. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili ilikuwa inajitazama: ninaonekanaje, tumbo liko vipi, mapaja je. Kilichobaki ndicho kilifanya hesabu.

Sasa hebu toa hicho chumba Marekani ukilete hapa. Uko kwa intavyu, koti umeazima na linakubana mabegani. Uko mbele ya darasa unawasilisha kazi, na unajua zipu ya sketi imekwisha, umeishikilia na pini. Swali linaulizwa, nusu ya akili yako iko kwa pini. Halafu unarudi nyumbani ukisema wewe huna ujasiri wa kuongea mbele ya watu. Ujasiri unao, buda. Nguo ndiyo ilikuwa inautumia.

Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Siku hizi kuna kuazima kwa aina mbili. Kuna ile ya kuchukua blauzi ya dadako bila kumwambia, hiyo mtamalizana wenyewe nyumbani. Na kuna ile ya kuazima pesa kwa simu ndiyo ununue njumu za kuvaa Jumamosi moja. Viatu vinaingia kwa picha, picha inapata mioyo, na Jumatatu ujumbe wa deni unaingia ukiwa darasani. Sijui ni nguo gani duniani inaweza kukukaa vizuri ukiwa unaidaiwa.

Na nyuma ya hiyo deni kuna sheria ambayo hakuna aliyeipitisha: ati nguo ikishapigwa picha mara moja, haiwezi kurudi hadharani. Nani alisema? Rafiki yangu mmoja alikosa ruracio ya binamu yake kwa sababu suruali na shati alizokuwa nazo "zimeshaonekana." Aliambia watu ako na homa. Kuna picha ya familia ya siku hiyo, shosho ameketi katikati na wajukuu wote wamemzunguka, wengine wamechuchumaa mbele. Yeye hayuko. Leo hakuna mtu kwa hiyo picha anayeweza kukuambia binamu fulani alikuwa amevaa nini. Lakini kila mtu akiiangalia huuliza, "Na yule alikuwa wapi?"

Hapo ndipo moyo wangu uko kwa hii mada. Mtu akikosa nguo ya bei, hajakosa kitu kikubwa. Mtu akianza kukosa siku zake, ameibiwa.

Na kinachouma zaidi ni kwamba hayo macho tunayoyaogopa hayatuangalii vile tunafikiria. Mwaka 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio ambayo waliwavalisha wanafunzi tisheti yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo vijana wa pale waliona ni aibu kuivaa. Mwanafunzi aliingia chumba kilichojaa wenzake, kisha akaulizwa: unafikiri ni wangapi wameona tisheti yako? Walikisia karibu nusu. Walioiona walikuwa karibu robo. Yaani hata ukivaa kitu cha aibu makusudi, watu wengi wako na shughuli zao. Wanafikiria nauli. Wanafikiria kama tumbo lao linaonekana.

Lakini nisijifanye kwamba yote ni ya kichwani. Kuna watu ambao hawawezi kusahau nguo yao kwa sababu wengine wanakataa waisahau. Novemba 2014 video ilisambaa ya mwanamke akivuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya matatu hapa Nairobi, kisingizio kikiwa ati amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana tao, wengine wakiwa wamevaa sketi fupi makusudi. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa lenye kifungo cha miaka isiyopungua 10. Wengi wenu mlikuwa watoto, pengine hamkumbuki. Lakini ukimwona msichana amebeba leso kwa mkoba na hakuna jua wala mvua, ujue ni ya kujifunga akifika steji. Huyo amevaa nguo mbili, moja ya kwenda na moja ya kupita katikati ya watu.

Kwa hivyo ndugu zangu wa kiume, kama mnataka wasichana wawe na ujasiri, kuna kazi rahisi kabisa ambayo haihitaji pesa: wakipita, nyamazeni. Na nyinyi pia mnaumizwa. Kijana akivaa shati la waridi anaambiwa amekuwa manzi. Akijipaka mafuta asiparare, anaulizwa anampendezea nani. Mnachunga nguo za wenzenu hadi wote mmebaki na suruali nyeusi na hudi ya kijivu, kisha mnasema wanaume hawajui kuvaa.

Kuna mtu ataniuliza, "Sasa mbona usivae tu kandambili kila mahali, kama raha ndiyo kila kitu?" La hasha. Kuna siku nguo ni ya heshima kwa wengine. Matanga ni matanga. Ukienda kwa kina shosho na suruali imepasuka magoti, jitayarishe kupewa sindano na uzi. Kazi zingine zina sare na huna kura. Hata Bunge letu, Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda mle ndani, wakati ambapo Rais mwenyewe alikuwa anazivaa kila mara hadi mafundi wote mtaani wakawa wanashona hizo tu. Kila mahali pana masharti yake. Ninachosema ni kwamba ndani ya masharti yoyote kuna nguo inayokukaa na nguo inayokukaba, na ni jukumu lako kujua ni ipi.

Ushahidi ninao. Angalia dera. Ni vazi la mwanamke wa Pwani, la joto la Mombasa, upepo unaingia chini na kutokea juu. Limepanda hadi Nairobi likaingia kanisani, sokoni, kwa sherehe na kwa kikao cha chama. Hakuna mtu anavuta dera chini. Hakuna mtu anazuia pumzi ndani ya dera. Na mama akijifunga leso juu yake na kupaka wanja, nani atakuambia hajatokelezea?

Wacha niwape vile mimi hufanya, ukipenda chukua, usipopenda wacha.

Nikienda Gikomba ama Toi, sinunui kwa kelele. Muuzaji ataimba, "Beba mrembo, hii ni kamera, ndiyo imetoka!" Sawa, kamera ni kamera, lakini mimi najaribu nguo hata kama ni juu ya ile niliyovaa. Nainua mikono kama nashika chuma cha matatu. Nainama kama nafunga kamba za viatu. Naketi kwa stuli yake, akikubali. Naivuta pumzi yote. Nguo ikishindwa na moja ya hizo, naiacha hapo, hata ikiwa shilingi 50.

Ikiwa imependeza lakini kiuno ni kikubwa, namwona fundi. Yule wa mtaani kwetu hunitoza shilingi 150 kupunguza. Watu wengi wanafikiri mwili wao ndio una makosa, kumbe nguo ilishonewa mtu mwingine kabisa, ng'ambo huko, ambaye hajui wewe ni nani. Mwili hauna haja ya kuomba msamaha kwa suruali.

Nguo mpya siivai mara ya kwanza siku kubwa. Naivaa nyumbani kwanza nikiosha vyombo. Viatu pia: natembea navyo hadi dukani kununua maziwa, ndiyo vikinichuna vinichunie karibu na kwetu.

Mwisho, niko na pamba moja ya siku ngumu. Ni suruali ya kitambaa na blauzi ya kijani, zimeenda intavyu, zimeenda benki, zimeenda mahakamani kumsindikiza shangazi kwa kesi ya shamba. Zimepigwa picha mara nyingi hadi marafiki wameziita "sare ya serikali." Wacha waseme. Nikizivaa, sifikirii nguo. Nafikiria kile nilichoendea, na mara nyingi nimerudi nacho.

Wikendi hii fungua kabati, ama lile begi chini ya kitanda, tunajua maisha ya bedsita. Toa ile nguo ambayo kila ukiivaa unarudi nyumbani umechoka na hujui kwa nini. Mpe mtu inayemtosha. Halafu tafuta ile uliyoicha kuvaa kwa sababu "imeshaonekana," ipige pasi, na uende nayo mahali ambapo ulikuwa umepanga kusema una homa.