Toleo la Majaribio Lisiingie Wodini

Dawa mpya haitoki maabara ikaingia moja kwa moja kinywani mwa mgonjwa. Hupimwa hatua kwa hatua, na anayeipokea katika majaribio hujulishwa kwamba yumo majaribioni. Programu huria zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa, kama vile OpenMRS iliyobuniwa mwaka 2004, zastahili adabu hiyo hiyo.

Si kosa kuchapisha kifurushi cha programu kabla hakijakamilika. Uwazi ndio uhai wa programu huria. Kasoro haionekani ikiwa kazi imefichwa. Kosa ni kukiweka mahali ambapo mtumiaji wa kawaida atakidhania kuwa kimekamilika. Ndiyo sababu Apache Software Foundation ya Marekani inataka kila toleo liidhinishwe kwa kura zisizopungua tatu za wajumbe wa kamati ya mradi, na wanaokubali wawazidi wanaokataa. Kifurushi ambacho hakijapigiwa kura hubaki kwa waundaji na wajaribu, wala umma hauelekezwi kwacho.

Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huo huchelewesha. Muuguzi anayesubiri hesabu ya dozi isahihishwe ana haki ya kukosa subira. Lakini kifurushi kinachoondoa kosa moja chaweza kuleta jingine ambalo bado halijaonekana. Zaidi ya hayo, toleo jipya likishabadilisha mpangilio wa kumbukumbu, huenda toleo la zamani lisiweze kuzisoma tena, na njia ya kurudi ikafungika huku wagonjwa wakiwa foleni.

Dawa ya ucheleweshaji si kuvunja kanuni, bali kuongeza wajaribu. Kituo cha afya na kitenge kompyuta moja isiyounganishwa na kumbukumbu halisi, kiweke humo wagonjwa wa kubuni, kisha wauguzi na wafamasia wajaribu kazi zao za kila siku na kuripoti walichokiona. Ripoti hizo huwasaidia wapiga kura kuamua mapema na kwa uhakika.

Kwa upande wao, waundaji waandike alama waziwazi. Namba 2.0.0-beta hutangulia 2.0.0, lakini si kila mhudumu ajuaye hivyo. Maneno "ya majaribio, si kwa wagonjwa" yanaeleweka na wote. Mgonjwa aliyemweleza daktari kuhusu mzio wake ameamini kwamba taarifa hiyo haitapotea. Amana hiyo haijaribiwi bila yeye kujua.